Mijadala ya mtandaoni yaweza kufufua somo la sayansi Bonde la Ufa

NDUGU Peter Tabichi alipotangazwa mwalimu bora duniani jijini Dubai mnamo Machi 24, 2019 na kutuzwa dola milioni 1 za Marekani (takriban Sh100 milioni wakati huo), Wakenya wengi walizungumzia ukarimu wake. Huyu ni mtawa wa Shirika la Wafransisko ambaye alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwafaa maskini. Waliozungumzia jinsi alivyofundisha walikuwa wachache.

Shule yake ya Keriko Mixed Day iko katika kijiji cha Pwani, eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru. Wakati huo ilikuwa na kompyuta moja tu, intaneti ya kusuasua na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 58. Tabichi, aliyefundisha hisabati na fizikia, alikuwa na mazoea ya kwenda saiba kupakua masomo, kuyahifadhi, kisha kurejea nayo katika darasa lisilokuwa na mtandao. Katika mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya mwaka wa 2018, shule hiyo iliongoza kitengo cha shule za umma. Wanafunzi wake walikuwa wameunda kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, na kikosi cha shule kikafuzu kushiriki mashindano ya kimataifa ya 2019 katika jimbo la Arizona, Marekani.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila inapozuka hoja kwamba kufundisha sayansi kwa zana za mtandaoni ni anasa ya shule kubwa za mijini. Keriko haikuwa na mtandao wa kutegemewa. Ilikuwa na mwalimu aliyejua ni kitu gani hasa alichokihitaji kutoka mtandaoni, na ni kitu gani ambacho wanafunzi wake wangejifanyia wenyewe wakiwa pamoja.

Miongoni mwa zana hizo, zile za mjadala ndizo zinazoeleweka vibaya zaidi. Mjadala wa mtandaoni, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mahali ambapo wanafunzi huandikiana kuhusu swali moja, kila mmoja akisoma walichosema wenzake kabla ya kuongeza lake. Waweza kuwa kikundi cha WhatsApp. Waweza kuwa ukumbi ndani ya programu kama Moodle, iliyobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka wa 2002, ambayo haitozwi ada. Programu hiyo yaweza hata kuwekwa katika kompyuta moja ndogo na wanafunzi wakaifikia kwa mawimbi ya humo humo darasani, pasi na intaneti ya nje.

Faida yake ya kwanza ni ya hesabu tu. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa wanafunzi 58, hakuna anayepata hata dakika nzima ya kuzungumza, na hapo ni iwapo mwalimu mwenyewe atanyamaza tangu mwanzo hadi mwisho. Katika hali hiyo wanaosikika ni wale wale watano wa viti vya mbele. Maandishi hayagombanii hewa. Wanafunzi 30 wanaweza kutoa hoja jioni moja na zote zikasomeka.

Faida ya pili ina uzito zaidi. Neno lililosemwa darasani hupotea, ilhali lililoandikwa hubaki. Mwanafunzi aliyekosea Jumatatu anaweza kurudi Alhamisi na kuona ni wapi fikira yake ilipopotoka. Mwalimu naye huona jinsi jibu lilivyofikiwa, jambo ambalo daftari lenye jibu sahihi peke yake haliwezi kumfichulia.

Hata hivyo, zana pekee haileti ushirikiano. Vikundi vingi vya WhatsApp vya wanafunzi hapa nchini vimegeuka njia ya kupitishia karatasi za mitihani ya awali na majibu yake. Mmoja huuliza swali la saba, mwingine hutuma picha ya ukurasa, wa tatu hushukuru. Huko ni kunakili kwa pamoja. Ili mjadala uwe na maana, swali lenyewe sharti liwe la namna ambayo hakuna mmoja aliye na jibu lote mkononi. Nakuru na viunga vyake haina uhaba wa maswali ya aina hiyo.

Chukua floraidi. Wakazi wengi wa eneo hili wanaijua athari yake kabla ya kulijua jina lake: ni ile rangi ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia katika maji ya visima fulani. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini hayo, na maji ya chini ya ardhi huyayeyusha yanapopita. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya eneo hili hukipita kiwango hicho, vingine kwa mbali sana.

Tuseme mwalimu wa kemia anaandika swali hili: familia ina kisima chenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, ifanye nini? Yamkini jibu la kwanza litakuwa kuchemsha maji. Wala si jibu la kipumbavu, kwa kuwa ndilo ambalo mwanafunzi huyo amelisikia nyumbani na zahanati tangu utotoni kuhusu homa ya matumbo na kipindupindu.

Darasani, mwalimu mwenye haraka angesema "hapana" na kuendelea. Katika mjadala uliopangwa vyema, mwalimu hunyamaza. Mwingine atauliza mvuke unabeba nini unapopaa. Wa tatu atapiga hesabu: lita 2 zenye miligramu 3 kila moja zina jumla ya miligramu 6. Zikichemka hadi ibaki lita 1, floraidi haijaenda popote, na sasa lita hiyo moja ina miligramu 6. Kuchemsha kumeua vijidudu na kuzidisha floraidi. Wa nne, ambaye kwao wana tangi la kukinga maji ya paa, atapendekeza kuchanganya. Lita 1 ya maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, ikiongezwa kwa lita 1 ya kisima hupata kiwango cha 1.5, yaani ukingoni kabisa mwa kinachokubalika. Je, maji hayo ya mvua yatadumu hadi Februari? Hapo kemia imegeuka hesabu ya ukubwa wa paa na wingi wa mvua.

Iwapo kuna mwanafunzi ambaye jirani yake ana chujio la mkaa wa mifupa, mjadala utapanuka zaidi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilijijengea sifa kwa kutengeneza machujio ya aina hiyo, ambapo mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo hadi kuwa mkaa unaonasa floraidi. Kwa nini mfupa, na si kuni? Swali hilo huwafikisha wanafunzi kwenye muundo wa mfupa na wa jino wenyewe, na kuwaonyesha kwamba kinachovuta floraidi ndani ya chujio ndicho kinachoivuta ndani ya meno yao. (Jaribio la kuchoma mifupa nyuma ya maabara lisifanywe. Mifupa isiyoiva vyema huyapa maji harufu na ladha mbaya, na majirani watalalamika.)

Kinachoonekana katika mfano huo ni kwamba kila mmoja alileta kipande. Mwenye tangi hakuwa na hesabu, mwenye hesabu hakuwahi kuliona chujio. Aliyekosea mwanzoni ndiye aliyewafungulia wengine mlango, na hilo lisingetokea lau angeogopa kuchekwa.

Jinsi ya kuwaondolea wanafunzi woga huo ni jambo lililofanyiwa kazi kwa miaka mingi. Nchini Canada, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walianza katika miaka ya 1980 kuunda programu ambayo wanafunzi wa shule za msingi waliandikiana maelezo ya sayansi katika hifadhi moja ya pamoja. Walichobuni ni rahisi mno, hata mtu hushangaa kwamba hakijaenea zaidi. Kabla ya kuandika hoja, mwanafunzi huchagua mwanzo wa sentensi: "Nadharia yangu ni...", "Ninahitaji kuelewa...", "Nadharia hii haiwezi kueleza...", "Nadharia bora zaidi ni...".

Mianzo hiyo hufanya kazi mbili. Humwezesha mwanafunzi kukosoa hoja bila kumkosoa mwenye hoja, na kumfanya anayesema "ninahitaji kuelewa" aonekane anachangia badala ya kuonekana mjinga. Hakuna programu maalumu inayohitajika. Mwalimu anaweza kuibandika ukutani leo na kuitumia katika kikundi cha simu kesho, au hata katika daftari moja linalopitishwa kutoka dawati hadi dawati.

Yapo pia matokeo ya karibu na nyumbani. Mwaka wa 2004, watafiti Samuel Wachanga na John Mwangi wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, walichapisha utafiti kuhusu ufunzaji wa kemia katika shule za upili za iliyokuwa Wilaya ya Nakuru. Walilinganisha madarasa yaliyofanya majaribio kwa vikundi vya ushirikiano na yale yaliyofunzwa kwa njia ya kawaida. Waliofanya kwa ushirikiano walijifunza vyema zaidi na kuwa na ari kubwa zaidi, na matokeo ya wasichana hayakutofautiana kwa kiwango cha maana na ya wavulana. Ni kweli kwamba utafiti huo ulihusu kazi ya ana kwa ana na haukugusa mtandao. Lakini unaonyesha kiini kiko wapi: ni katika jinsi kazi ilivyogawanywa. Mtandao huja baadaye, pale vipande vya kazi vinapokuwa mbali kiasi cha kutoweza kukutanishwa mezani.

Na katika Bonde la Ufa vipande hivyo viko mbali kwelikweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kwa kishindo zaidi mwaka wa 2020, maziwa ya eneo hili yalipanda na kumeza ardhi. Lango kuu la Mbuga ya Ziwa Nakuru lilifunikwa na likalazimika kuhamishwa. Mtaa wa Kihoto mjini Naivasha uliingiliwa na maji. Kandokando ya Ziwa Baringo nyumba, mahoteli na shule zilizama, na ikahofiwa kwamba ziwa hilo la maji baridi lingeungana na Ziwa Bogoria lenye magadi. Ripoti ya serikali ya mwaka wa 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ilikadiria kuwa takriban watu 380,000 walihitaji msaada wa dharura.

Kwa nini yalipanda? Wanafunzi walihamishwa makwao na maji hayo, na bado swali hilo halikuwa katika kitabu chao chochote. Wataalamu wametaja ongezeko la mvua linalotokana na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kuu, wakaongeza uharibifu wa misitu na ardhi katika nyanda za juu, unaopeleka maji na udongo ziwani kwa kasi, na misukosuko ya chini ya ardhi katika bonde ambalo bado linapanuka. Ni kiasi gani kinatokana na kipi? Hapo mabishano ni halali.

Shule moja haiwezi kulijibu. Mito Njoro, Makalia na Nderit huingia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Malewa na Gilgil huingia Naivasha. Perkerra na Molo huelekea Baringo, na Mto Molo huanzia katika milima ya Mau, kilomita nyingi kutoka ziwa unalolijaza. Mwanafunzi wa Molo anaiona mvua na hamwoni anayefurikiwa. Wa Marigat anayaona maji ambayo hakuiona mvua yake.

Shule tatu au nne zikikubaliana kupima mvua kwa namna moja, zinaweza kuanza. Kipimo ni chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, yenye pande zilizonyooka, na rula. Vipimo husomwa kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya hali ya hewa nchini husoma vyao. Walio karibu na ziwa huweka alama kwenye nguzo na kuandika maji yamefika wapi. Takwimu huingizwa katika jedwali moja mtandaoni, na mjadala huanza pale jedwali linapokataa kukubaliana na nadharia ya mtu. Mathalan, iwapo mvua imepungua kwa wiki mbili na maji bado yanapanda, aliyesema "ni mvua tu" analazimika kueleza mvua hiyo ilikuwa wapi katika wiki hizo mbili. Mwenye kumbukumbu ya fizikia ataleta mvukizo, na wa biolojia atauliza kwa nini flamingo waliondoka Ziwa Nakuru maji yalipozidi, hadi wagundue kwamba magadi yakizimuliwa, mwani wanaoutegemea ndege hao hupungua.

Katika kazi ya namna hii, mtandao si pambo. Bila huo, Molo na Marigat hazitakutana.

Vikwazo navyo ni vya kweli. Corona ilipofunga shule zote Machi 2020, ilidhihirika upesi ni nani mwenye simu na ni nani asiye nayo. Julai mwaka huo, huduma ya intaneti ya baloni ya kampuni ya Loon, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilizinduliwa ili kufikia karibu kilomita 50,000 za mraba, Nakuru na Baringo zikiwemo. Matumaini yalikuwa makubwa kama baloni zenyewe. Januari 2021, kampuni mama ya Alphabet ilitangaza kuufunga mradi huo kwa kuwa haukulipa. Mpango wa shule unaotegemea ukarimu wa kampuni moja hauna msingi.

Kinyume chake, huduma za ujumbe mfupi kama ile ya Eneza Education, iliyoanzia Nairobi, zilikuwa zimeonyesha tangu awali kwamba mwanafunzi mwenye simu ya kawaida, isiyo na intaneti, anaweza kumuuliza mwalimu swali na kujibiwa. Ujumbe mfupi hauonyeshi picha ya jaribio, lakini hufika.

Shule nyingi za upili za umma haziruhusu simu za wanafunzi, na wazazi wengi wanaiunga mkono marufuku hiyo. Si lazima ivunjwe. Kikundi cha wanafunzi watano huandika hoja yao kwa karatasi, mwalimu huipiga picha na kuituma kwa simu yake, kisha hurejea na majibu ya shule nyingine na kuyasoma darasani. Simu moja, mara mbili kwa wiki. Polepole, naam, lakini hoja za sayansi hazina haraka kama za siasa. Lililo gumu ni gharama ya data, ambayo katika shule nyingi huishia mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Bodi za shule zinazonunua chaki bila kuulizwa zinapaswa kuitazama data kwa jicho hilo hilo.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Mjadala wa sayansi hauhitaji picha ya mwanafunzi wala nambari yake ya simu. Jina la kikundi latosha.

Suala la lugha aghalabu husahaulika. Mtihani ni wa Kiingereza, na kuna walimu wanaokataza Kiswahili hata katika mjadala wa kufikiri tu. Hilo huwanyamazisha wengi. Lakini kuruhusu Kiswahili kuna kazi yake pia, kwani katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hubeba kani, nishati na hata uwezo wa mashine, na wawili wanaweza kubishana wiki nzima kumbe kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Mwalimu anayeliona vazi hilo moja limevaliwa na dhana tatu amepata somo la kesho. Wajadili kwa lugha wanayofikiria, kisha kila kikundi kiandike muhtasari wake kwa Kiingereza.

Wakati wa kuyajaribu haya haujawahi kufaa kuliko sasa. Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017, unataja mawasiliano na ushirikiano, utatuzi wa matatizo na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake wa kimsingi, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mwalimu anatakiwa kutathmini ushirikiano, na wengi wanauliza wautathmini vipi ilhali hauachi alama kwenye daftari. Uzi wa mjadala ulioandikwa unaacha alama hiyo, pamoja na jina la kikundi, tarehe na saa.

Uzi wenyewe usifutwe muhula unapoisha. Uchapishwe na kuwekwa kwenye faili maabarani pamoja na vipimo vya mvua, ili darasa linalofuata lisianze upya. Januari, wageni wa Gredi ya 10 watapewa jedwali la mwaka mzima, chupa ile ile iliyokatwa shingo, na swali ambalo waliotangulia walishindwa kulimaliza.